Nafasi Imeshapata Mtu

“Mama! Wameniita!”

Sauti ya Pabitra ilitangulia kuingia kabla yeye mwenyewe hajamaliza kuvua viatu mlangoni. Mama yake, Sancharani, alikuwa ameinamia jiko akikoroga dengu. Baba yake, Kharkabir, alikuwa amekaa kwenye kitanda cha chini, shati lake la ulinzi limefunguliwa vifungo vyote, anakunywa chai. Chumba chao kilikuwa kimoja kati ya vinne vilivyokatwakatwa kutoka nyumba moja ya ghorofa ya tano, mtaa wa Jordan, katika jiji lile la Wachina. Mtu akitaka kupita, mwingine sharti akunje miguu. Pabitra alipita bila kusubiri miguu ya mtu.

“Nani wamekuita?” Sancharani aliuliza, mwiko mkononi.

“Kazini! Kampuni ya vifaa vya hospitali. Karani wa kupokea oda kwa simu. Mwanamke amenipigia mwenyewe, tumeongea robo saa nzima, Kikantoni tupu! Ameniuliza kompyuta, nikamwambia najua. Kuandika barua kwa Kichina, najua. Akacheka, akasema, ‘Binti Lam, kwa sauti hiyo unaweza kuuza barafu wakati wa baridi.’ Usaili Alhamisi, saa nne asubuhi.”

“Ee Mungu wangu,” alisema Sancharani, akaweka mwiko chini, akaushika uso wa mwanawe kwa mikono inayonuka vitunguu.

“Na bado sijawaambia utamu wenyewe. Baba, nishike nisianguke. Unajua jengo gani? Kule Kwun Tong. Jengo unalolinda wewe! Ghorofa ya kumi na mbili!”

Chai ikampalia Kharkabir. Alikohoa hadi machozi yakamtoka, na mkewe akampiga mgongoni akicheka, “Tazama, furaha imempita njia mbaya.”

Kharkabir alijifuta mdomo kwa mkono wa shati. Akasema, “Vizuri.” Kisha akasema tena, “Vizuri sana,” na akainuka kwenda kuosha kikombe ambacho kilikuwa bado nusu.

Ulikuwa mwezi wa saba tangu Pabitra amalize diploma yake, na barua za maombi zilikuwa zimefika arobaini na moja. Mwanzoni aliandika jina lake kama lilivyo, Pabitra Limbu. Walionyamaza walinyamaza. Waliojibu walisema wanahitaji mtu anayesoma Kichina. Alipowaambia anasoma, walisema wanahitaji mtu anayekisoma kama mwenyeji. Alipowaambia amezaliwa hapahapa, hospitali ileile waliyozaliwa wao, walisema watampigia simu. Mwezi wa sita akachoka. Akaanza kutumia jina alilopewa na mwalimu wake wa darasa la kwanza, jina ambalo limo hata kwenye kitambulisho chake: Lam Bik-wan. Barua ya tatu kwa jina hilo, simu ikalia.

Na Kichina chake hakikuokotwa njiani. Watoto wengi wa Kinepali walipelekwa shule zao, wakafundishwa Kichina cha kuombea maji. Sancharani alikataa. Alimpeleka mwanawe shule ya Wachina watupu, akaosha vyombo mgahawani miaka kumi na miwili kumlipia mwalimu wa jioni, na kila mwaka mikono ilipochubuka kwa sabuni alisema, “Ichubuke. Mwanangu hataambiwa hajui kusoma.”

*

Kharkabir alikuwa na siri, na siri yenyewe haikuwa kubwa hadi jioni ile.

Mwaka mmoja na miezi michache nyuma, Bi Kwok, mkuu wa ofisi wa ghorofa ya kumi na mbili, alishuka hadi kwenye meza ya ulinzi akiwa na mfuko wa machungwa. Ilikuwa karibu na mwaka mpya wa Wachina. Bi Kwok alikuwa mwanamke mpole, hakuwahi kupita mezani bila kusalimia.

“A-Lam,” alisema, maana hivyo ndivyo jengo zima lilivyomwita, “nina jambo dogo. Tumetangaza kazi. Sasa wanakuja watu wa kila aina. Juzi kapanda mmoja, mweusi hivi, na kilemba, wasichana wangu wameshtuka. Si kwamba mimi nina neno. Bosi wetu, Bwana Yip, ndiye hapendi, anasema wateja watatushangaa. Wakija wa namna hiyo, waambie tu hapohapo nafasi imeshapata mtu. Usiwapandishe. Utakuwa umetuokolea muda, na wao pia.”

Kharkabir alitazama machungwa. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na kibali chake cha ulinzi kilikuwa kimebakiza miaka michache kabla ya kuambiwa amezeeka. Akasema, “Mimi pia ni wa namna hiyo, Bi Kwok.”

Bi Kwok akacheka, akamgusa mkono. “Wewe? Wewe ni mtu wetu!”

Maneno yale yalimpendeza. Hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote baadaye, kwamba yalimpendeza. Aliyapeleka machungwa nyumbani, akasema ni zawadi ya kazini, wakayala watatu, Pabitra akasema ni matamu.

Tangu siku hiyo walikuja. Si wengi, mmoja mwezi huu, mmoja mwezi ule. Walikuja wamechana nywele, wameshika bahasha kifuani, na Kharkabir aliwaambia, kwa upole uleule aliofundishwa, kwamba nafasi imeshapata mtu. Alijiambia kwamba hakuwa yeye aliyewakataa; yeye alikuwa mlango tu. Mlango hauna dhambi.

*

Jumanne, saa ya chakula cha mchana, alimwomba mlinzi mwenzake amshikie meza, akapanda lifti hadi ghorofa ya kumi na mbili. Hakuwahi kufika huko ila siku ya jaribio la moto. Alikuta wasichana sita wamevaa vipokea sauti vichwani, kila mmoja na kioo chake cha kompyuta. Hakuna mteja hata mmoja. Oda zote zilikuja kwa simu.

“A-Lam! Kuna nini, bomba limepasuka?” Bi Kwok aliuliza akitafuna mkate.

“Hapana. Nilitaka kuuliza.” Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. “Lile neno la wale watu. Je, akija mmoja anayesema Kikantoni vizuri, kabisa kabisa? Na kuandika anaandika?”

“Amekuja mtu?”

“Nauliza tu.”

Bi Kwok alimeza mkate, akashusha sauti. “Ningekuwa mimi, A-Lam, ningemchukua kesho. Lakini unamjua Bwana Yip. Mwaka ule kabla hujaja tulimchukua msichana mmoja wa Kifilipino, Kiingereza chake dhahabu. Siku tatu tu. Akasema harufu ya chakula chake inaingia kwenye mashine ya hewa.” Akatikisa kichwa kama mtu anayesimulia habari za mvua. “Kwa nini? Ni ndugu yako?”

Hapo ndipo Kharkabir alipopewa mlango ulio wazi. Angesema, ‘Ni mwanangu, anakuja keshokutwa, jina lake mnalo mezani.’ Neno lilifika hadi kwenye meno.

“Hapana,” alisema. “Mtu aliuliza tu.”

Akavaa kofia, akashuka kwa ngazi, ghorofa zote kumi na mbili, kwa sababu hakutaka kujiona kwenye kioo cha lifti.

*

Jumatano jioni nyumba nzima ilikuwa suti. Sancharani alikuwa ameazima koti jeusi kwa binti wa jirani, akalikunja mikono kwa sindano. Pabitra alisimama juu ya kigoda akizungushwa.

“Hiyo kampuni,” Kharkabir alianza, “nasikia si nzuri sana.”

“Unasikia wapi?” Pabitra aliuliza.

“Pale pale. Watu wanaingia na kutoka. Hawadumu.”

“Baba, mimi miezi saba sijaingia, nitaogopa kutoka?”

“Kuna kazi nyingine. Rafiki yangu Dhanraj anasema hotelini wanatafuta watu.”

“Wa kukunja mashuka.” Pabitra alishuka kigodani. “Diploma yangu nayo niikunje?”

“Mwache mtoto,” Sancharani alisema, uzi mdomoni. “Watu wengine wanawaombea watoto wao, wewe unamvunja miguu. Una nini wewe? Tangu juzi unakula kama mgonjwa.”

Kharkabir akasema, bila kumtazama mwanawe, “Basi nisikilize kimoja. Ukifika kesho, usinisalimie kama baba. Mimi ni mlinzi, wewe ni mgeni.”

Pabitra alishangaa kidogo, halafu uso ukamng’aa. “Nimekuelewa. Hutaki waseme nimepitia mlango wa nyuma.”

“Ndiyo,” alisema Kharkabir. “Hivyo hasa.”

“Baba yangu ana akili,” binti alimwambia mama. “Niingie kwa miguu yangu mwenyewe.”

Sancharani alimtazama mumewe. Alimtazama muda mrefu kuliko kawaida, uzi bado mdomoni, kisha akainamia koti.

*

Alhamisi, saa nne kasorobo, Pabitra aliingia ukumbini. Koti lilimkaa kama limeshonewa yeye. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye meza ya ulinzi, akainamisha kichwa kidogo, na macho yake yalikuwa yanacheka.

“Habari za asubuhi, mjomba mlinzi. Naomba kwenda ghorofa ya kumi na mbili. Nina usaili.”

Kharkabir alimsogezea daftari la wageni. Pabitra akaandika jina kwa Kichina, herufi tatu zilizonyooka kama zimepigwa chapa. Kharkabir alizitazama zikiwa zimepinduka upande wake. Yeye hakuweza kusoma hata moja. Kilikuwa kidogo, kile chumba cha mstari wa daftari, na miaka kumi na miwili ya mikono ya Sancharani ilikuwa imo humo.

Sheria ilikuwa apige simu juu kwanza. Hakupiga. Sheria nyingine ilikuwa aseme yale maneno matatu. Hakuyasema. “Lifti ya kulia,” alisema.

“Asante, mjomba.” Lifti ikafunga.

Dakika tano zilipita. Mpeleka barua alikuja, akasaini, akaondoka. Kharkabir alianza kuota ndoto ya mchana kweupe. Labda Bwana Yip hayupo leo. Labda Bi Kwok atamsikiliza kwanza kabla ya kumtazama. Labda watu si wabaya kama maneno yao. Dakika ya nane simu ya mezani ikalia.

“A-Lam, umelala?” Ilikuwa sauti ya Bi Kwok, ya chini na ya haraka. “Umempandisha nani? Bwana Yip amefura. Na mimi ndiye niliyemwita, sasa lawama yote yangu. Jina la Kichina, sauti ya Kichina, ningejuaje?”

Kabla hajajibu, lifti ilifunguka. Pabitra alitoka akiwa ameshika bahasha yake kifuani, na nyuma yake akatoka Bwana Yip mwenyewe, mtu mfupi mwenye miwani isiyo na fremu, anatabasamu kama mwenye duka anayemsindikiza mteja aliyekosa saizi yake.

“Tunasikitika kukusumbua, binti. Nafasi imepata mtu jana jioni. Tatizo la mawasiliano tu. Wasifu wako tutautunza.”

“Wasifu wangu mmenirudishia,” alisema Pabitra, akionyesha bahasha.

“Basi tutalikumbuka jina.”

Pabitra alifika mezani kuandika saa ya kutoka, kama kila mgeni anavyotakiwa. Alichukua kalamu, akaanza kuandika. Bwana Yip angesubiri nusu dakika atoke, mambo yangekuwa mengine. Lakini alikuwa na hasira, na alikuwa mtu asiyezoea kungoja.

“A-Lam,” alisema, nusu anacheka, “mwaka mzima hujakosea hata mara moja. Ukiwaona tu unawarudisha, safi kabisa, hata mmoja hajapita. Leo umekuwaje? Hukumwona huyu?”

Kalamu ya Pabitra ikasimama.

Ukumbi ule ulikuwa na sakafu ya marumaru na kila kitu humo kilikuwa na mwangwi, hata mtu kumeza mate. Pabitra aliinua uso polepole. Hakumtazama Bwana Yip. Alimtazama baba yake, na Kharkabir aliona anahesabu. Machungwa. Chai iliyompalia. Usinisalimie kama baba.

“Huyu ni mwanangu,” alisema Kharkabir.

“Nani?”

“Huyu. Ni binti yangu wa kumzaa.”

Bwana Yip aliwatazama kwa zamu, kisha akafanya jambo ambalo Kharkabir hakulitegemea. Alipumua, akalegea, akampiga Kharkabir begani.

“Sasa mbona hukusema! Mzee wangu, ungeniambia tungepanga. Kweli, kwenye simu haiwezekani, ni mambo ya wateja, utanielewa. Lakini mama wa usafi anaondoka mwisho wa mwezi. Kwa ajili yako, namchukua kesho. Hata usaili hauhitajiki. Umeona? Sisi si watu wabaya.”

“Bwana Yip,” alisema Pabitra. Kikantoni chake kilikuwa safi, cha mtu aliyekua na watoto wa mtaa huohuo, na hakuinua sauti. “Nafasi mmesema ilipata mtu jana jioni. Leo saa mbili asubuhi Bi Kwok amenipigia kunikumbusha nisichelewe. Huyo mtu mlimpata saa ngapi?”

Bwana Yip alirekebisha miwani.

“Na wateja wenu wote wako kwenye simu. Mimi wangeniona wapi?”

“Binti, usilete ugomvi mahali pa kazi ya baba yako.”

Maneno yale yalimpata Pabitra, maana yalikuwa ya kweli. Alimaliza kuandika saa, akafunga kalamu, akailaza katikati ya daftari. Kisha akamgeukia Kharkabir. Hakusema Kinepali. Alisema Kikantoni, kwa adabu ile ile ya asubuhi, ila macho hayakucheka.

“Mjomba mlinzi, nimeshasaini. Naweza kutoka?”

Mlango wa kioo ulifunguliwa kwa kitufe kilichokuwa chini ya meza. Kharkabir alikibonyeza.

*

Siku nne Pabitra hakumwambia baba yake neno. Katika chumba kile, kutosemezana kulihitaji ufundi. Ilipobidi akunje miguu kumpisha, alikunja. Alipompa chumvi, alimpa kupitia kwa mama yake.

Sancharani hakupiga kelele. Siku ya kwanza alipoelezwa alikaa chini, akaitazama mikono yake, akasema, “Wangapi?”

“Wangapi nini?”

“Uliowarudisha. Wangapi?”

“Sikuhesabu.”

“Uliwahesabu. Mimi nakujua. Wewe unahesabu hata ngazi.”

Kharkabir alisema, “Ningefanya nini, Sancharani? Ningekataa, wangeweka mlinzi mwingine, naye angewarudisha vilevile. Chumba hiki kinalipiwa na nini?”

“Hayo ni kweli,” alisema mkewe. “Na watoto wa watu nao wana vyumba.” Akainuka, akaenda kazini kuosha vyombo.

Jumatatu Bwana Tse, msimamizi wa kampuni ya ulinzi, alimwita. Hakumkaripia. Alisema mteja ameomba mabadiliko, jambo la kawaida. Akamhamishia kwenye kiwanja cha ujenzi kando ya mji, kulinda mabomba na mifuko ya saruji, safari ya saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi. Mkataba ukiisha mwezi wa kumi na mbili, wataona. Kharkabir alielewa ‘wataona’ maana yake nini. Kila alichokilinda kwa kunyamaza kilikuwa kimekwenda hata hivyo.

Aliporudi jioni hiyo alimkuta Pabitra kwenye simu, amewapa mgongo. Alikuwa akizungumza na ofisi ya malalamiko ya ubaguzi. Upande wa pili mwanamke aliongea taratibu, na chumba kilikuwa kidogo mno kwa siri yoyote. Ndiyo, sheria ipo. Ndiyo, anaweza kuandika. Lakini wao watasema alipatikana anayefaa zaidi, ndivyo wanavyosema wote. Je, yupo mtu aliyesikia agizo lenyewe? Mtu wa ndani?

“Hapana,” alisema Pabitra. “Hakuna.”

Akakata simu. Kharkabir alikuwa bado amesimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni.

“Mbona umemwambia hakuna?”

Lilikuwa neno la kwanza kati yao kwa siku nne. Pabitra hakugeuka. “Kwa sababu una mkataba hadi mwezi wa kumi na mbili. Kwa sababu ukisema, hakuna jengo mjini hapa litakalokuweka tena mlangoni. Na kwa sababu sikutaka kukuomba, Baba. Nilikuwa naogopa utakachojibu.”

Sancharani, kwenye jiko, alizima moto ili asikie vizuri.

Kharkabir alivua kiatu cha pili. Akakiweka sambamba na kile cha kwanza, akavisogeza ukutani. “Jumapili sina zamu,” alisema. “Tafuta karatasi.”

*

Shauri lile lilichukua miezi tisa. Mwisho wake kampuni ililipa fedha kidogo, bila kukubali kosa, na kuandika barua ya mistari minne ya kusikitishwa na hisia zilizoumizwa. Barua ilikuja kwa jina la Bi Lam. Kufikia hapo Kharkabir alikuwa hana zamu popote, na Pabitra alikuwa akikunja mashuka hotelini, barua za maombi zimefika sabini na kitu, safari hii zote kwa jina la Limbu. Bi Kwok alimtumia ujumbe mara moja kusema haikuwa yeye. Lakini hayo yalikuwa bado mbele, na Jumapili ile hakuna aliyeyajua.

Jumapili walikaa wawili kitandani, ubao wa kukatia mboga umewekwa magotini kuwa meza. Kharkabir hakujua kuandika Kichina. Alisema kwa Kinepali, na Pabitra aliandika kwa Kichina, kwa zile herufi zake zilizonyooka. Walianza vizuri. Tarehe, jina la jengo, mfuko wa machungwa, maneno ya Bi Kwok. Pabitra aliuliza kama karani, baba akajibu kama shahidi.

“Sasa wanataka mifano,” alisema Pabitra. “Uliwarudisha watu gani.”

“Tisa.”

Sancharani, aliyekuwa akikunja nguo, hakusema ‘nilijua’.

“Wa kwanza kijana wa Kipakistani,” alisema Kharkabir. “Tai nyekundu. Ilikuwa mvua, alikuwa amefunika bahasha kwa koti, yeye mwenyewe ameloa. Nikamwambia nafasi imeshapata mtu. Akauliza kama anaweza kusubiri mvua ipungue. Nikamwambia hairuhusiwi kusimama ukumbini.”

Pabitra aliandika.

“Wa pili mama mtu mzima, Mhindi. Wa tatu msichana wa hijabu, Kikantoni chake kama chako. Huyo hakuniamini. Aliniambia, ‘Hujapiga hata simu kuuliza.’ Nikanyanyua simu, nikajifanya napiga.”

“Ulijifanya?”

“Nilijifanya. Niliongea na simu iliyokufa.”

Kalamu ilisimama, kisha ikaendelea. Wa nne, wa tano, wa sita. Kwa kila mmoja alikumbuka kitu: viatu vipya vilivyolia kwenye marumaru, pete ya ndoa, mtu aliyemuuliza choo. Sancharani aliacha kukunja nguo. Wa saba. Wa nane.

“Wa tisa?”

Kharkabir aliangalia ubao ule wa mboga, mikwaruzo ya visu.

“Wa tisa alikuwa wetu. Mtoto wa Kirai, kabila la hukohuko kwetu, kwa sura tu nilijua. Kabla sijafungua mdomo akaona jina langu kifuani, akafurahi, akaunganisha viganja vyake. ‘Namaste, baba mdogo,’ kwa Kinepali, mbele ya watu wote. ‘Nimepata bahati leo, nimekukuta wewe.’”

“Ukamwambia?”

“Nikamwambia.”

“Kwa Kinepali?”

“Kwa Kinepali.”

Pabitra aliandika, taratibu, na wino ulipokwama aliitikisa kalamu na kuandika tena. Hakuinua kichwa. “Na yeye akasema nini?”

“Alinishukuru,” alisema Kharkabir. “Alisema asante, baba mdogo, umeniokolea muda.”

Chumba cha pili mtu alikuwa akikohoa. Pabitra aliishika kalamu juu ya karatasi, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile akamtazama baba yake usoni.

“Na hilo niliandike?”

“Liandike,” alisema Kharkabir. “Hilo liandike kwanza.”